Kuziba na Kuficha

Taa ya nyuma ya kushoto ya Probox ya mjomba wangu niliivunja mimi mwenyewe. Nilikuwa narudi kinyumenyume sokoni Garsen, nikaingia kwenye nguzo ya kibanda. Hakuna aliyeumia, na nguzo yenyewe haikusogea hata kidogo. Taa ndiyo iliyobaki vipande.

Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda, nikarudi nyumbani Wema, na mjomba akanipa gari niwe nabeba abiria na mizigo kati ya Garsen na kijijini. Taa nyingine niliagiza Mombasa. Nilikuwa naiita taa mpya, ingawa ilikuwa ya mitumba, imetolewa kwenye gari lililokatwa Japani. Ililetwa na basi, imefungwa kwa gazeti. Plastiki yake ilikuwa nzima, nyekundu safi. Kasoro ilikuwa moja: ile raba nyembamba ya sponji inayozunguka mgongo wa taa, inayokaa kati ya plastiki na bati, ilikuwa imebaki vipande viwili vilivyokauka kama maganda ya kitunguu.

Fundi aliiona kabla yangu. "Hii haina gasketi," akaniambia. "Niachie gari mpaka kesho, nitafute sponji tuweke vizuri." Nikamwambia sina kesho, abiria wananingoja stejini. Akanitazama kidogo, hakubishana. Akachukua bomba la silikoni, akapaka mstari, akairudisha taa mahali pake na kuikaza. Tukajaribu: breki inawaka, indiketa inawaka. Nikalipa, nikaondoka nimefurahi.

Sijaandika makala hii kumlaumu yule fundi. Yeye alisema kweli, na mimi ndiye niliyemkatiza.

Mtu akiitazama taa ya nyuma kwa nje anadhani imebandikwa tu kwenye gari. Lakini nyuma yake bati lina matundu. Kuna tundu kubwa la kupitishia waya na balbu, na matundu madogo ya nati na vibanio. Mvua ikinyesha, maji ya paa hufuata mfereji wa pembeni, huteremka ubavuni mwa mlango wa nyuma na kupita nyuma ya taa yakielekea chini. Ile sponji kazi yake ni kuyaambia maji: pita, humu si kwenu. Ikikosekana, maji huingia kwenye matundu, huteremka ndani ya bati, nyuma ya plastiki ya ndani, mahali ambapo huwezi kuyaona. Yanatokea mbali na yalipoingilia, chini ya zulia la buti, na wewe unaanza kuushuku mlango, unaushuku ubao wa sakafu, unaishuku hata mizigo ya watu.

Sisi watu wa Tana hatuhitaji kufundishwa tabia ya maji. Mto huu unatulisha na kututoa majumbani. Mafuriko ya 2018 tuliyaona, na ya mwisho wa 2023 tukayaona tena. Wazee wanasimulia jinsi mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivyoharibu matuta na mifereji ya mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA huku Delta. Tuta haliangalii urefu wake wote. Linaweza kuwa zima kilomita nzima, likaangushwa na tundu la panya. Mimi nilikua nikiyasikia hayo, na bado nikaamini kwamba mstari mmoja wa silikoni, uliopakwa juu ya vumbi, ungetosha.

Mvua za kwanza zilipokuja, gari likaanza kunuka ukungu. Vioo vya nyuma vikawa na mvuke kila asubuhi. Niliinua zulia mara moja, nikaona maji, nikalirudisha. Halafu nikanunua kile kikaratasi cha manukato chenye umbo la mti, nikakitundika kwenye kioo. Ndiyo, nilifanya hivyo. Abiria walisema gari linanukia.

Jioni moja bibi mmoja wa kwetu alinipa gunia dogo la mbegu ya mpunga, amelinunua dukani Garsen. Yeye alikuwa anarudi kwa pikipiki, akaniomba nimletee. Usiku ule mvua ilipiga, njia ikawa tope, nikalala Garsen. Gunia likalala kwenye buti. Kesho yake nilipolishusha mlangoni kwake, niliona kitako cha gunia kina weusi wa maji. Nikapangusa kwa kitambaa. Bibi alikuwa anatoka jikoni, ananishukuru, "Mungu akuweke, mwanangu." Nikasema, "Amina, bibi." Nikaondoka.

Wiki moja baadaye akalifungua ili aandae kitalu. Nusu ya mbegu ilikuwa na joto na ukungu, nyingine imeshachipua gizani. Unajua bibi alimlaumu nani? Mwenye duka. Alisema kauziwa mbegu mbichi. Akalisema hilo kisimani, akalisema kanisani, akamwambia kila aliyekuwa na nia ya kununua pale. Mimi nilikuwepo siku moja akisimulia, nimekaa kwenye benchi pamoja na wengine. Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza tu.

Hapo ndipo linapoanza swali langu. Je, kunyamaza ni kudanganya?

Swali hili si geni. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake aliwashindanisha wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake: Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mtu anauza nyumba. Inaonekana nzuri, lakini mwenyewe anajua mbao zake zimeoza na nyoka huonekana katika vyumba vyote vya kulala. Asiposema, amekosa? Antipater anasema amekosa, kwa sababu ni sawa na kumwacha mtu apotee njia huku unaijua. Diogenes anasema hapana. Hakuna aliyemlazimisha mnunuzi. Sheria inakukataza kusema uongo, haikulazimishi kutangaza kasoro zako kwa sauti ya mnada. Kutosema ni kitu kimoja, kuficha ni kingine.

Niliyasoma hayo chuoni nikiwa upande wa Antipater, kama karibu kila mtu darasani. Ni rahisi kuwa upande wa Antipater kama huna nyumba ya kuuza.

Muda si muda, nami nikapata ya kuuza. Mjomba alitaka kuliuza gari. Binti yake alikuwa ameitwa kidato cha kwanza, na karo ya muhula haikuwa imetimia. Mnunuzi akapatikana, mtu wa upande wa Malindi, akasema atakuja Jumamosi. Mjomba akaniita tukakaa chini ya mwembe. Nikamweleza habari za maji.

"Anayo macho," mjomba akasema. "Atakuja na fundi wake. Wakiona, wameona."

"Na wasipoona?"

"Wasipoona, si wameridhika? Mwanangu, mimi gari hili nililiuziwa na mtu. Aliniambia habari za gia? Nilizigundua mwenyewe, nikatengeneza mwenyewe. Leo uungwana uanzie kwangu mimi, mwenye mtoto wa kupeleka shule?"

Sitaki kumdharau mjomba katika maandishi yangu. Hoja yake ina uzito, na tena iko karibu na sheria. Kwa sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, mtu binafsi anayeuza gari lake kuukuu habebeshwi mzigo ule wa ubora anaobebeshwa mfanyabiashara anayeuza magari. Jukumu la kuchunguza, kwa kiasi kikubwa, ni la mnunuzi. Na zaidi ya sheria kuna haki yenyewe. Mbona ukweli uwe ni kodi wanayolipa wasio na kitu? Tajiri akisema kweli anapoteza faida. Mjomba akisema kweli, mtoto anabaki nyumbani wiki tatu za kwanza.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa namtafutia Diogenes jibu, na sikulipata kitabuni. Nililipata kwa yule mwenye duka.

Diogenes anazungumza kana kwamba wako watu wawili tu, anayejua na asiyejua. Anayejua akinyamaza, basi, mambo yametulia pale pale. Lakini asiyejua hakai bila kujua. Binadamu hawezi. Mbegu ikioza, lazima pawe na sababu, na kama sababu ya kweli imefichwa, ataiokota nyingine iliyo karibu. Bibi hakubaki na swali. Alibaki na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa ni mtu, mwenye watoto, anayetegemea wateja wamwamini. Mimi sikumsingizia. Nilichofanya ni kuacha tundu wazi, na lawama ikapita humo kama maji, ikafuata mfereji, ikatokea mbali na ilipoingilia, dukani kwa mtu ambaye mbegu yake ilikuwa kavu.

Ndiyo maana sasa nasema kunyamaza kwa aina hii si kukaa kando. Kosa lililofichwa halipotei, linahamia kwenye hesabu ya mtu mwingine. Yule mnunuzi wa Malindi naye, zulia likianza kunuka, angemlaumu mtu. Pengine angemlaumu mwanawe kwa kuacha kioo wazi. Pengine angemlaumu fundi wake, au aliyemwoshea gari. Ningekuwa nimemuuzia gari pamoja na ugomvi ambao ungezuka nyumbani kwake, na mimi nisingeusikia.

Na hili nilikuwa nalijua hata kabla ya gari. Nilipoacha chuo, mama aliwaambia majirani niko likizo. Likizo iliporefuka, watu wakasema ni mgomo wa wahadhiri. Wakawalaani wahadhiri wa watu, walimu wasio na habari nami, kwa kumharibia kijana maisha. Nami nikaitikia, "Eeh, hali ni mbaya." Ilikuwa rahisi kuliko kusema karo imeniangusha na kwamba nyumbani hapakuwa na cha kuuza.

Waislamu wa hapa Delta wanakijua kisa cha Mtume sokoni. Alipita kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenyewe kulikoni. Yule akajibu kwamba ni mvua iliipata. Basi akaulizwa kwa nini hakuiweka ile mbichi juu, watu waione. Mimi si Mwislamu, lakini tangu siku ya gunia la bibi kisa hiki hakiniachi. Angalia kwamba hakulaumiwa kwa mvua. Mvua hainyeshi kwa amri ya mtu. Hakuambiwa hata asiuze. Alichoulizwa ni kuhusu mpangilio wa lundo: kavu juu, mbichi chini. Ni kazi ya mikono, inafanywa taratibu, na anayeifanya anajua kwa nini anaifanya. Kama kile kitambaa changu.

Ijumaa asubuhi nikampelekea fundi gari. Nikamwambia leo nina siku nzima. Akacheka. Tukaitoa taa. Ile silikoni ya kwanza ilitoka kama ngozi ya nyoka, haikuwa imeshika popote, maana chini yake palikuwa na vumbi na nta ya zamani. Tena ilikuwa ile inayonuka siki. Akanionyesha ilivyoanza kulila bati pembeni mwa tundu, kutu ya rangi ya chungwa. Silikoni ya siki ina asidi, akaniambia, inaharibu bati na shaba ya waya, afadhali ile isiyonuka. Wakati ule aliitumia kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mimi nilikuwa na haraka.

Tukasugua kutu kwa msasa, tukapangusa kwa spiriti, tukapaka rangi, tukaiacha ikauke. Kisha akatoa utepe mweusi unaonata kama ulimbo, ule usiokauka, unaobaki laini miaka na miaka. Akauzungusha mgongo wa taa, mwanzo na mwisho vikapandana, na raba ya waya akairudisha sawasawa kwenye tundu lake. Akakaza kidogo huku, kidogo kule, ili plastiki isipasuke na utepe ubanwe sawa kila upande. Halafu nikaingia ndani ya buti na tochi, yeye akamwaga maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda polepole, kwa sababu ukianzia juu maji yanaenea kote na hujui yameingilia wapi. Nililala mle kama mzigo, namulika kila pembe. Pakavu.

Nikiwa bado na hamu ya kazi, nikaona kitundu kidogo chini ya taa yenyewe, nikamwambia, "Na hapa tuzibe." Akanizuia mkono.

"Hapo usizibe. Hapo taa inapumua."

Akanieleza. Balbu ikiwaka inapasha hewa ya ndani, ikizimwa hewa inapoa. Hewa lazima itoke na iingie. Ukiziba kila kitu, unyevu mdogo uliomo ndani unakosa pa kutokea, unaganda kwenye kioo, unakula soketi. Taa nyingi hufa kwa kuzibwa mno. Fundi mzuri anajua tundu la kuvuja na tundu la kupumulia.

Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeisikia tangu chekechea, na mara nyingi inasemwa kana kwamba kuziba ni jambo moja. Siku ile niliona ni mambo mawili. Kuna kuziba ambako unatoa kwanza, unasugua, unamulika, unamwita mwingine amwage maji ujaribiwe. Na kuna kuziba ambako unapaka juu ya vumbi ili lisionekane, unatundika manukato. Kwa nje, siku ya kwanza, vyote viwili vinafanana. Tofauti ni kwamba wa kwanza yuko tayari kuulizwa. Wa pili anaziba hata pale pa kupumulia, yaani pale ambapo neno lingetokea. Wahenga walikuwa na methali nyingine kwa huyu: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Nilimweleza mbele ya mjomba: taa ilivunjika, maji yaliingia, gari lilinuka, tumetengeneza jana, kutu ilikuwa hapa, nanyi mwagieni maji mjaribu. Mjomba alikuwa anatazama mwembe. Yule bwana alimwaga maji, akalala mwenyewe kwenye buti na simu yake inamulika. Kisha akatushusha bei shilingi elfu kumi na tano. Nikasema pakavu, umeona. Akasema, "Nimeona. Lakini kutu ikishaanza, imeanza."

Alikuwa sahihi. Ningependa kukuambia kwamba ukweli ulilipa, kwamba alivutiwa na uaminifu wetu akaongeza bei. Haikuwa hivyo. Elfu kumi na tano nilimwahidi mjomba nitazilipa kidogo kidogo, kwa kuwa nguzo niliigonga mimi na haraka ilikuwa yangu. Bado namlipa. Binti alichelewa kuripoti shule, akaripoti. Mjomba alininyamazia kama mwezi, siku hizi tunasalimiana vizuri. Sidhani ameikubali hoja yangu, nami sioni ajabu. Aliyepoteza ana haki ya kukasirika hata kama kilichofanyika ni haki.

Kuna jambo moja kuhusu taa za nyuma ambalo dereva husahau. Hazikumuliki wewe. Unaweza kuendesha usiku kucha kutoka Malindi hadi Garsen na usijue kama zinawaka. Zipo kwa ajili ya anayekuja nyuma, mtu usiyemjua, asije akakuingia. Na zikizimika, utaambiwa na huyo huyo, akikupita anapiga honi na kupaza sauti dirishani. Kama naye angesema ana macho yake, si kazi yangu, barabara ile ingekuwa na misalaba mingi kuliko iliyopo.

Lilibaki la bibi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko la gari, kwa sababu gari lilikuwa na mnunuzi ambaye angeweza kugundua, na bibi asingegundua milele. Nilikwenda jioni, nimebeba mbegu nyingine. Nikamweleza yote, mpaka kitambaa.

Alinyamaza sana. Nilitegemea aniulize kuhusu mbegu, au anifukuze. Aliinuka, akajifunga leso ya pili.

"Yule kijana wa dukani nimemtukana bure," akasema. "Kesho twende wote. Utasema wewe, mimi nikiwa nimesimama hapo."

Tulikwenda kwa pikipiki moja, watatu na dereva, tope mpaka magotini. Dukani palikuwa na wateja. Nilitaka tusubiri wapungue, bibi akakataa, akasema yeye alimsema mbele za watu. Basi nikasema mbele za watu. Mwenye duka alisikiliza huku anaendelea kupima sukari. Alipomaliza akafunga mfuko, akampa mteja chenji, ndipo akanigeukia.

"Mbegu yangu ilikuwa kavu," akasema. "Nilijua. Lakini nilianza kushuku ghala langu. Nimelihamisha lote."